Mshale wa Sajini Amiri

Usiku ule Rahma hakulala. Alikaa jikoni juu ya kigoda, simu yake ndogo ya vibonye mapajani, akiitazama kama mtu anavyotazama maziwa yaliyo motoni. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na kimstari kimoja tu cha chaji. Alijua kwamba akibonyeza ovyo hata mara moja, kimstari kile kitatoweka, na habari ya mjukuu wake itabaki huko huko Lushoto.

Mtoto alikuwa na mwezi mmoja. Nimonia ilikuwa imemlaza hospitalini wiki nzima, na daktari alikuwa amesema kwamba usiku huo ukipita bila homa, asubuhi ataruhusiwa. Fatuma, mdogo wake Rahma anayeishi Lushoto, aliahidi kupiga simu kwa vyovyote itakavyokuwa. Rahma alikuwa amebaki na kusubiri tu, na kusubiri kulimshinda. Mara asimame, mara achungulie nje, mara apulize moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

Kando yake, chini ya dari la mahindi, ilikaa mashine. Ilikuwa chaja ya betri inayoendeshwa na injini ya petroli, rangi yake ya kijani cha jeshi ikiwa imeliwa na moshi. Mumewe, Sajini Amiri, aliitunza kambini miaka kumi na minne. Alipostaafu, jeshi likapiga mnada vyuma vyake vya zamani, naye akaja nayo nyumbani. Mjini watu wangeicheka. Lakini kitongoji chao, juu ya Mlalo, kilikuwa hakijapata umeme. Nguzo zilikuwa zimeishia darajani bondeni. Wenye sola walijidai miezi ya jua. Ukungu wa Juni na Julai ukishuka na kukaa wiki tatu bila kuinuka, walikuja mmoja mmoja na betri zao kichwani, wakimwamkia Sajini kwa adabu zaidi ya kawaida.

Mashine ililala jikoni kwa amri ya Sajini. Alisema ukungu unakula chuma, na moto wa jikoni unakilinda. Rahma alipomwambia kwamba mvuke wa makande unaipanda kila siku na masizi yanaingia kila tundu, alijibiwa kwamba yeye apike.

Simu iliita kabla ya adhana ya alfajiri.

"Dada, homa imekwisha," alisema Fatuma. "Wanaruhusiwa leo. Lakini daktari anasema mtoto asilale penye baridi wala unyevu. Na hapa kwangu, unamjua shemeji yako. Amesema wasirudi. Nampandisha Zakia gari la Mlalo, jioni atakuwa huko. Mwambie baba yake, dada, mwambie kabla..."

Simu ikazima.

Rahma alilia kidogo kwa furaha, akajifuta kwa ncha ya kanga, kisha hofu nyingine ikakaa pale pale ilipotoka ile ya kwanza. Mtoto alikuwa mzima. Sasa ilibaki mlango.

Zakia alikuwa binti yao wa pekee. Baba yake alimwoza Mombo, kwa mtoto wa rafiki yake wa kambini. Mwaka wa pili wa ndoa alirudi usiku, sikio moja limechanika, hana hata mkoba. Sajini alisimama nyuma ya mlango akasema kwamba jeshini mtu anayeacha kituo chake huitwa mtoro, na mtoro hafunguliwi lango. Akamwacha nje kwenye ukungu mpaka kukacha. Rahma aliweza tu kumtupia blanketi dirishani. Tangu hapo Zakia alikaa kwa Fatuma, akajifungulia huko huko, na Sajini akakataza kuitwa Baba Zakia. Mkewe naye ikabidi amwite Sajini, kama wateja.

Sajini alipomaliza kuswali, Rahma alimpelekea uji, akamweleza yote kwa upole. Sajini alikunywa mpaka mwisho. Macho yake yalitazama ukutani, mahali pasipo na kitu.

"Kuna betri ngapi leo?"

"Sita. Na ya zahanati imo."

"Zijae kabla ya alasiri. Zijae vizuri, nisiaibike mbele ya watu. Halafu nitasema kuhusu huyo mtoro wako."

Kwa mtu mwingine maneno hayo yasingekuwa kitu. Kwa Rahma, aliyeishi na mwanaume huyo miaka ishirini na saba, yalikuwa mlango ulioachwa wazi upana wa kidole. Alitoka mbio kwenda kuitoa mashine.

Sajini Amiri alikuwa haoni. Kisukari kilimla macho polepole, na sasa alitofautisha mchana na usiku tu. Pia kilimla ncha za vidole, mpaka akawa anashika kikombe cha moto asijue. Hayo yote yalikuwa siri ya nyumba. Watu walijua kwamba macho ya Sajini yamechoka kidogo, basi. Aliijua njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye mashine hatua kwa hatua. Aliketi mbele yake kwenye kiti chake cha mbao, uso umeielekea geji, akitoa amri. Yeyote aliyetazama aliona fundi na mkewe anayemshikia spana.

Siri yenyewe ilikuwa ndani ya spana hiyo. Rahma aliusoma mshale wa geji, kisha akagonga bati la mashine kwa mgongo wa spana kama mtu anayekaza kitu. Kugonga mara moja kulimaanisha volti kumi na tatu, mara mbili kumi na nne, mara tatu kumi na tano. Asipogonga, mshale uko kumi na mbili au chini yake. Miaka sita alikuwa amegonga hivyo na hajakosea hata siku moja. Sajini hakuwahi kumsifu. Siku moja tu, akiwa na homa, alimwambia kwamba ana macho mazuri kwa mtu aliyeishia darasa la nne.

Saa tatu watu walikuwa wamefika. Sefania mwenye duka alikaa juu ya jiwe akimenya muwa. Beatha, nesi wa zahanati, alikuwa amevaa sweta juu ya sare, akiilinda betri yake kama mtoto, kwa kuwa ndiyo iliyowasha taa ya chumba cha kujifungulia. Wengine walisimama chini ya ubati, lile paa la pembeni mwa jikoni ambako mashine ilifanyia kazi, wakipuliza viganja. Ukungu ulikuwa umeshuka hata choo cha nyuma hakionekani.

Rahma alizipanga betri, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Akapiga hendeli. Injini ilikohoa mara mbili, ya tatu ikashika.

Mshale ulipanda mpaka kumi na mbili ukasimama. Hakugonga.

Sajini alingoja, kisha akainamisha kichwa kusikiliza. Mwendo wa injini ulikuwa sawa, aliujua kama mtu anavyoijua sauti ya jogoo wake. Akamwambia akaze vichwa vya betri. Rahma akavikaza, akavikwangua kwa kisu mpaka risasi ikang'aa. Mshale ulibaki kumi na mbili. Akaamriwa azime injini na kutazama mkanda. Mkanda ulikuwa mkavu na haulegei. Akaamriwa kuchomoa kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopokea umeme kwenye shaba inayozunguka. Alizichomoa zote mbili akazipima kwa kidole chake mwenyewe, akamnong'oneza kwamba zimebaki urefu wa pingili moja na springi zinasukuma vizuri. Shaba zinaposugua kaboni palikuwa na masizi, akapapiga msasa, akapafuta kwa kitambaa chenye petroli. Injini ikawashwa tena. Kumi na mbili.

"Mpaka lini, Sajini?" aliuliza Sefania, ganda la muwa mdomoni. "Hiyo silaha si ungeirudisha tu kwa wenye vita."

Watu wakacheka. Sajini hakucheka. Rahma aliona mshipa wa shingo yake ukituna, na mlango ule wa upana wa kidole akauona ukianza kufungika.

Pembeni mwa geji palikuwa na kirungu cha kuongeza na kupunguza moto wa umeme unaotoka kwenye mashine. Sajini alinyoosha mkono akakishika.

"Mshale," alisema kwa sauti ya chini.

Spana haikulia. Akazungusha. Akangoja. Akazungusha tena.

Rahma alikuwa mtu wa kutazama, na jicho lake halikuwa kwenye mshale peke yake. Kwenye ubao wa mashine, juu ya geji, kulikuwa na taa ndogo kama punje ya hindi. Siku zote iliwaka njano, njano ya ute wa yai. Asubuhi ilikuwa imeanza na njano yake ile ile, lakini sasa, kila Sajini alipozungusha, ilizidi kuwa nyeupe. Alitaka kusema. Lakini Sajini hakuwahi kuuliza habari za taa, aliuliza mshale, na mshale ulisema kumi na mbili. Geji ya pili, ambayo ingeonyesha wingi wa moto unaoingia kwenye betri, ilikufa zamani. Mwanamke ambaye kwa miaka yote hiyo amefundishwa kwamba kazi yake ni mshale, hutazama mshale.

Mara taa ile ikatoa mwanga mkali ikakatika. Wakati huo huo betri zikaanza kuchemka. Sauti yake ilikuwa kama ya mafuta yanayongoja maandazi, na harufu ya yai viza ikatapakaa ubatini. Kizibo cha betri ya Sefania kiliruka, maji ya betri yakamrukia Rahma mkononi juu ya kifundo. Akarudi nyuma akiuma midomo.

"Zima," alisema Sajini. Injini ikazimwa. "Mshale ulikuwa wapi?"

"Kumi na mbili."

"Betri hazichemki kwa kumi na mbili."

"Ulikuwa kumi na mbili, Sajini. Naapa."

Beatha alikuwa ameshamshika Rahma mkono, anaumwagia maji kutoka kwenye ndoo, na ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyeupe. Sajini hakuuliza ni nini kinachomwagika. Alisimama, uso umeelekea mahali ambapo aliamini watu wapo, akasema kwa sauti ya kwaride ambayo haikuwa imesikika kitongojini siku nyingi.

"Muwe mashahidi. Huyu mwanamke ameharibu betri zenu makusudi. Binti yake mtoro anakuja leo, na mimi nimemkataa, basi ananilipa hivi. Nyumba yangu ina mwongo ndani, na sitamwongeza mtoro juu ya mwongo. Mlango umefungwa."

Sefania alitema kapi la muwa.

Rahma alimwacha Beatha, akaenda kwenye mashine. Mkono ulikuwa unamwaka, lakini kilichomuumiza kilikuwa kingine. Kati ya vitu vyote alivyokuwa navyo duniani, kusoma kwake mshale kwa uaminifu kulikuwa kitu kimoja ambacho hakuna mtu aliyewahi kukigusa. Akapiga hendeli kwa mkono mzima, akarudisha kirungu pale kilipokuwa asubuhi, kisha akaigonga geji kwa ukucha. Mshale uliruka mpaka kumi na nne, ukaanguka tena kumi na mbili. Akaigonga tena. Ukaruka, ukaanguka.

Alizunguka nyuma ya ubao. Waya wa geji ulikuwa umefungwa kwa nati, na chini ya nati hiyo palikuwa pameota kutu ya kijani kama kuvu la mkate, juu yake masizi yaliyogandishwa na mvuke. Geji ilikuwa haipati moto wote. Mashine ilikuwa nzima tangu asubuhi, inatoa kumi na nne yake kama kawaida. Moto waliouongeza kwa kirungu ulikuwa wote wa bure, na ndio uliozichemsha betri. Akazima, akafungua nati, akakwangua mpaka shaba ikaonekana, akakaza. Kisha akachukua mkono wa mumewe, taratibu, akakiweka kidole chake kwenye ule uchafu uliokwanguka kiganjani mwake.

"Ni kutu, Sajini. Nyuma ya geji. Mvuke wa jikoni. Shika."

Sajini alikisugua kile kitu kati ya vidole. Rahma aliutazama uso wake akaona kwamba hakuhisi chochote. Vidole vile vingeweza kushika kaa la moto.

"Umenipa nini? Hakuna kitu hapa."

"Kipo."

"Mwongo."

Hapo ndipo Rahma alipokosea. Aliamini kwamba ukweli ukithibitishwa mbele ya watu, Sajini atalirudisha neno lake, na akilirudisha neno, mlango utafunguka. Alikuwa na haraka, jua lisiloonekana lilikuwa limeshapita kichwani, na huko bondeni gari la Mlalo lilikuwa njiani. Akaiwasha injini.

"Nesi," alisema, "njoo umsomee Sajini mshale."

Beatha alisita. Alimtazama Rahma, akamtazama Sajini, na kitu ambacho pengine alikuwa amekishuku muda mrefu kikamtulia usoni.

"Kumi na nne," alisema. "Na nusu kidogo."

"Sasa naulegeza waya," alisema Rahma, akaifungua nati kwa spana. "Sasa?"

"Umeshuka. Kumi na mbili. Injini ni ile ile." Beatha akageuka. "Sajini, mama hakukudanganya. Geji ndiyo ilikuwa inadanganya."

Sefania aliinuka kwenye jiwe lake.

"Kwani, Sajini, wewe mwenyewe si umekaa mbele yake? Huuoni?"

"Nauona," alisema Sajini. "Nauona vizuri. Ule pale."

Akanyoosha kidole, mkono umenyooka kama wa askari anayeonyesha shabaha. Kidole kilikuwa kimeelekea tangi la petroli.

Mtu mmoja chini ya ubati alicheka kabla hajajizuia. Mwingine akamshika bega, naye akacheka. Sefania alisema, kwa sauti ambayo haikuwa ya chini vya kutosha, kwamba kumbe miaka yote hii betri zake zinachajiwa na spana. Kicheko kikawa cha wote. Hakikuwa hata na ubaya mkubwa. Ni watu waliokaa na baridi wiki tatu, wamepata kitu cha kuchekea.

Beatha hakucheka. Rahma hakucheka. Sajini alishusha mkono. Akageuka aende nyumbani, lakini aibu ilikuwa imemvuruga hesabu ya hatua, akakwea ukingo wa kitanda cha vitunguu, akagusa ukuta mahali pasipo na mlango, akaufuata kwa viganja viwili mpaka akaupata mwimo. Wote walimwona. Akaingia. Komeo likasikika likianguka.

Rahma aliendelea na kazi kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Aliukaza tena waya wa geji, akaongeza maji kwenye betri zilizochemka, akazichaji kwa volti kumi na nne, moja baada ya nyingine. Ile ya Sefania haikushika tena, akaondoka nayo akinung'unika. Ya zahanati ilijaa. Beatha aliufunga mkono wa Rahma kwa kitambaa safi, akamwambia aje kesho kukibadilisha, kisha akasimama kama mwenye neno jingine, akaondoka nalo.

Zakia alitokea kwenye ukungu saa kumi na moja. Kwanza vilionekana viatu, vimejaa udongo mwekundu, kisha yeye mwenyewe, amekonda, mtoto amefungwa kifuani chini ya kanga mbili na koti la kuazima. Alimwamkia mama yake kwa kupiga goti, akamfunulia mtoto uso. Mtoto alikuwa anapumua kwa utulivu, pua imelowa. Rahma alimnusa kwanza kichwani.

"Baba yupo?"

Rahma aliuonyesha mlango kwa kidevu. Zakia akausogelea mlango.

"Shikamoo, baba."

Ndani kiti kiligonga sakafu. Alikuwa karibu, nyuma ya mlango tu.

"Shikamoo, baba. Nimekuja na mtoto. Alikuwa mgonjwa."

Marahaba haikutoka. Kwao huko juu, hata mtu aliyegombana na jirani miaka kumi humwitikia shikamoo, akiisha kuitikia ndipo anageuza uso. Zakia alisimama na salamu yake mikononi, kama mtu aliyeleta sahani ya chakula na hakuna wa kuipokea. Rahma akausukuma mlango kwa kiganja. Akausukuma kwa bega. Akamwita mumewe Baba Zakia, mara mbili, jina ambalo alikuwa amekatazwa, akamwambia kwamba mtoto hatakiwi kulala penye baridi. Komeo halikusogea.

Akamshika binti yake mkono, akampeleka jikoni. Mlango wa jikoni ulikuwa mbao tatu zilizofungwa kwa waya, lakini ulikuwa wake. Alitandika magunia mahali ambapo mashine ililala kila usiku, pakavu kuliko pote, akachochea moto, akamweka Zakia hapo mgongo ukutani. Mashine aliiacha nje ubatini, ingali inaunguruma na betri ya mwisho.

Giza lilipokuwa linaingia, sauti ya Sajini ilitoka nyuma ya mlango wa nyumba kubwa. Haikuwa ya kwaride. Hakungoja spana safari hii, aliuliza kwa maneno, wazi, mtu yeyote asikie.

"Rahma. Mshale uko wapi?"

Rahma alikuwa amempakata mjukuu. Kutoka alipokaa aliiona geji vizuri kupitia uwazi wa mbao, na mshale wake uliosimama sawasawa. Spana ilikuwa karibu na mguu wake. Aliitazama, kisha akamvuta mtoto karibu na moto.

"Rahma."

Hakujibu. Injini iliendelea mpaka petroli ikaisha, ikakohoa, ikanyamaza. Mlango wa nyumba kubwa ulibaki umefungwa.